Jiwe Ndani ya Buti

Gari dogo la Ambakisye lilizoea kwenda kilomita kumi na tano kwa lita moja ya petroli. Tangu mazishi ya mama yake, lilikwenda kumi na nne. Fundi Mhagama alikagua upepo wa matairi, plagi na chujio la hewa, kisha akafungua buti.

"Kaka, unajenga?"

Ndani kulikuwa na jiwe la kusagia la marehemu, kilo sitini pamoja na kijiwe chake cha mkononi.

"Dada zangu wote wawili wanalitaka. Nitakayemnyima hatanisemesha tena."

"Kwa hiyo unalitembeza."

"Mwezi wa nne huu."

"Basi unalinunulia jiwe petroli. Shika huku."

Walipolishusha, nyuma ya gari iliinuka vidole viwili. Mama lishe aliyekuwa akipepeta ulezi karibu na hapo akaja, akalifuta kwa pindo la kanga.

"La nani hili?"

Mwanamke akapiga magoti, akamwaga konzi ya ulezi, akaanza kusaga. Unga wa kwanza ulitoka na vumbi, akaupangusa kando. Wa pili ulitoka safi, mwekundu. Ambakisye alikuwa bado ameshika mlango wa buti, hajaufunga.