Langoni kwa Verlyn

Nilikuwa nimemwendea Verlyn, mfugaji niliyekua naye, nimwombe aniunge mkono hadharani ili nichaguliwe tena kuwa seneta. Alinipakia katika pikapu yake tukawatazame ng'ombe.

Tulipofika langoni alisimamisha gari, mikono yake mikavu ikatulia juu ya usukani. Nami nikaendelea kumweleza habari za ruzuku.

"Umemaliza, mheshimiwa?"

Akashuka, akachechemea kwa nyonga yake mbovu, akaanza kuhangaika na mnyororo ulioganda kwa baridi.

Ndipo nilipokumbuka kwamba kwetu anayeketi kando ya dereva ndiye afunguaye lango. Hata mtoto wa miaka sita hulijua hilo. Uso ukaniwaka. Nikashuka upesi, nikanyoosha mkono kuupokea mnyororo.

"Rudi garini, bwana," alisema bila kunitazama. "Huku kwetu wageni hatuwafanyishi kazi."