Kicheko Nyuma ya Simu

Video ile ilisambaa kwa sababu ya kicheko. Keki za harusi huanguka kila mahali, lakini aliyekuwa akirekodi hii ikianguka alicheka kwa kwikwi, kama mbuzi mwenye mafua, na watu wakarushiana video hiyo mji mzima ili wacheke naye. Uso wake haukuonekana. Aliyeonekana ni Bi Mwanaidi, mwokaji, amepiga magoti ukumbini akizoa krimu kwa mikono.

Aliyecheka alikuwa Tunu.

Asubuhi moja Tunu alipanga foleni ya maandazi sokoni. Zamu yake ilipokaribia akainua macho, akamwona Bi Mwanaidi nyuma ya karai la mafuta.

"Siku hizi huoki keki, mama?" mteja wa mbele aliuliza.

"Nani ataagiza keki kwa mtu aliyechekwa na mji mzima?"

Tunu akainamisha kichwa. Mteja yule, akitaka kumchangamsha mama wa watu, akasema afadhali andazi, likianguka linapulizwa na kuliwa. Kicheko kikamponyoka Tunu kabla hajaziba mdomo, kwa kwikwi zile zile.

Bi Mwanaidi akageuka, akamtazama.

"Kumbe ni wewe."

"Mama, mimi..."

"Unataka mangapi, mwanangu?"

Tunu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bi Mwanaidi akachagua maandazi yaliyoumuka vizuri, akayafunga kwenye gazeti, akamnyooshea. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Gazeti lilikuwa likilowa mafuta taratibu, na mikono ya Tunu bado imeziba mdomo.