Rangi ya Kucha ya Weldon

Umewahi kumwona mzee mzima akiiba rangi ya kucha ya mkewe? Wangu, Weldon, huiiba kila nyoka wanapoanza kutoka mashimoni.

Huku kwetu Texas, nyoka mwenye njuga mkiani hupenda kulala kwenye majani yanayoizunguka pampu ya maji. Kwa hiyo Weldon hujitengenezea risasi za bastola zenye vigololi vidogo vidogo, vinavyotawanyika vikamkuta nyoka popote alipojikunja. Mdomo wa ganda la risasi huuziba kwa karatasi ngumu, kisha huipaka rangi yangu nyekundu vigololi visimwagike.

Asubuhi ile nilikuwa nakaanga viazi nikasikia vigololi vikimwagika tena sakafuni, kama mchele. Mikono yake inatetemeka tangu mwaka jana. Rangi ilikuwa imejaa kidoleni, ganda limepata tone tu.

"Mzee, siku hizi unapaka kucha?"

"Wewe angalia viazi vyako visiungue."

Sikunyoosha mkono kumsaidia. Wiki iliyopita nilinyoosha, akanuna, akaenda pampuni na bastola tupu kiunoni, nami nikabaki dirishani roho mkononi mpaka aliporudi.

Akaweka brashi chini. Akakitazama kile kidole chekundu, akakifuta kwenye suruali, lakini rangi haikutoka. Kisha akaisukuma bastola polepole juu ya meza, mpaka ikagusa sahani yangu.

"Leo twende wote pampuni," akasema, bila kuniangalia. "Na uibebe wewe."