Koti la Theluji

Saa tano asubuhi, jua la Kyela likikaanga lami, Zebedayo alipita kijiwe cha bodaboda amevaa koti la theluji, zipu imefungwa hadi kidevuni.

Hakupiga honi wala hakusalimu. Alikuwa akitokea njia ya Busale kwa mwendo wa konokono, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekumbatia tumbo lililotuna kama kifurushi cha mpunga.

Madereva walicheka, kwa sababu mwenyekiti wao Sylvester alianza kucheka, na kijiweni hapo haikuwa busara kuchelewa nyuma ya mwenyekiti.

"Malafyale wa theluji," Sylvester alisema. "Chifu asiye na baridi ya kutawala."

Koti lenyewe Zebedayo alilipata kwenye mitumba. Lilishonwa huko Uzunguni kwa ajili ya watu wanaoendesha pikipiki za kutelezea juu ya theluji, na ndani lina nyaya za kupasha joto. Zebedayo, ambaye alizoea kupandisha abiria Tukuyu alfajiri na kurudi akitetemeka, alivuta waya kutoka kwenye betri ya pikipiki yake, akaweka fyuzi na swichi, akalichomeka. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo koti lilikula umeme wa injini inayounguruma. Injini ikizimwa, nalo limekufa.

Sylvester alikuwa amelicheka koti hilo miezi mitatu. Tangu watu waanze kunong'ona kwamba Zebedayo atagombea uenyekiti, kicheko chake kilikuwa kimeota meno.

Simu yake ikaita. Namba ngeni. Akaikata. Siku hizi wanachama wenye malalamiko waliazima simu za watu, na mwenyekiti mzima hanaswi kirahisi hivyo.

"Mmeliona lile tumbo?" aliuliza. "Jana Zebedayo alikuwa mwembamba kama huyu Aliko."

"Labda amevaa na sweta," Aliko alisema.

"Kwenye joto hili? Ile ni bangi ya ng'ambo. Anaipandisha Tukuyu, na koti ni la kutuziba macho."

Namba ngeni ikaita tena. Akaikata tena, maana alikuwa akimtafuta askari wa kizuizi cha mbele. Alipompata aliongea kwa sauti kubwa, ili kijiwe kizima kimsikie raia mwema akitimiza wajibu wake. Kisha akawasha pikipiki, akafuata. Jambo kama hilo lilitaka kurekodiwa, na Sylvester alikuwa na simu yenye kamera nzuri na uchaguzi Jumapili. Hata mkewe, Naomi, angeifurahia video hiyo. Masikini, alikuwa amekaa tu kwa mama yake Busale akisubiri kujifungua, bado miezi miwili, hana burudani.

Alipofika kizuizini, askari alikwishamsimamisha Zebedayo na kuchomoa ufunguo wa pikipiki. Wauza ndizi walikuwa wameacha ndizi zao, wamemzunguka. Sylvester akainua simu juu ya vichwa.

"Nirudishie ufunguo, afande," Zebedayo alisema. "Injini ikizimwa koti linapoa."

Umati uliangua kicheko. Jasho lilikuwa likimtiririka Zebedayo hadi kwenye kope.

"Unaogopa baridi?" askari aliuliza.

"Huko juu Tukuyu kuna mvua. Nimebeba mgonjwa."

Askari alikitazama kiti cha abiria. Kilikuwa kitupu. Akakipangusa kwa kiganja, kama anayehakikisha, na watu wakashika mbavu.

"Kuna barua mfukoni, afande. Isome."

"Barua atamsomea hakimu," Sylvester alisema kutoka nyuma ya kamera, akihakikisha sauti yake inaingia vizuri. "Mfungue hiyo zipu."

Zebedayo aligeuka, akamwona. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "njoo ufungue wewe."

Sylvester hakungoja aombwe mara mbili. Alipenya katikati ya watu, simu mkono wa kushoto, akaishika zipu kwa mkono wa kulia, akaishusha polepole ili video ipate utamu.

Joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Juu ya kifua kitupu cha Zebedayo, ndani ya kipande cha kanga, kulikuwa na kichwa chenye kofia ya sufu, kidogo kuliko ngumi. Kinywa kilifunguka, kikafumba, bila sauti.

Askari, ufunguo ungali mkononi mwake, alikunjua barua ya nesi akaisoma kwa sauti.

"Mtoto njiti, kilo moja na robo. Asipoe hata dakika moja hadi hospitali ya Tukuyu. Mama: Naomi. Baba: Sylvester, mwenyekiti wa bodaboda."