Visima vya Machano

"Hakuna," alisema Rukia, mchora ramani wa idara ya maji, akageuza kompyuta ili mgeni wake, Mwanahawa, ajionee. Ramani ilikuwa tupu.

Mwanahawa hakuinuka. "Tafuta tena, dada. Baba yangu Machano aliondoka na sururu yake kwenda kuchimba visima, hakurudi. Na huku kisima hupewa jina la mchimbaji siku ile ile anapoanza kuchimba."

"Nimeandika Kisima cha Machano, mdogo wangu. Hakipo."

"Nani husema hivyo? Watu wakienda kuteka maji husema Kwa Machano. Wengine Maji ya Machano. Kila kijiji kina lake."

Rukia alicheka kwa aibu. Alikuwa ameiambia kompyuta itafute jina zima, neno kwa neno. Akalifuta, akaandika Machano peke yake, kisha akaweka alama ya asilimia mbele na nyingine nyuma: lolote litangulie, lolote lifuate. Akabonyeza.

Nukta za buluu zikajitokeza. Kwa Machano. Machano Bondeni. Maji Baridi ya Machano. Zilitoka mjini zikapanda kaskazini kama nyayo.

Mwanahawa alizifuata kwa kidole mpaka ya mwisho, karibu na milima. Hiyo ilikuwa nyekundu.

"Hiki kimekauka?" aliuliza.

"Hapana," Rukia alisema taratibu. "Nyekundu ni kisima ambacho bado kinachimbwa."

Mwanahawa hakukiondoa kidole. Mkono wake mwingine ukaanza kupapasa viatu vyake chini ya kiti.