Vidole Kumi vya Kijakazi

Karani alikibonyeza kidole gumba changu kwenye karatasi kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne kikaacha doa jeusi tupu, bila mstari hata mmoja.

“Bi Kijakazi, vidole vyako umevifanyaje?”

“Nasokota kamba za makumbi ya nazi. Mwaka wa saba huu.”

Na miaka saba ndiyo sharti la ofisi yao ya leseni. Nilifungwa wiki mbili kwa kuuza samaki wa kukaanga Kariakoo bila leseni, na aliyefungwa hapewi leseni mpaka akae miaka saba bila kosa, ndipo jina lake lifutwe. Nimekaa. Barua ya jumbe ya kunishuhudia ninayo. Tangu Jumatatu nashinda kwenye benchi lao.

Akafungua jalada, akanionyesha alama za siku niliyofungwa. Vidole kumi, mistari imejipanga kama ukili wa mkeka. Nilivitazama kama vidole vya marehemu.

“Lazima zifanane na hizi. La sivyo nitajuaje kuwa aliyefungwa ni wewe?”

“Kama si mimi, nipe leseni.”

“Jina ni lako.”

“Basi lifute!”

“Alama si zako.” Akapiga mwayo. “Acha kamba miezi sita, ngozi iote, urudi.”

“Miezi sita nile nini?”

Aligeuka kumwita mwingine, jalada akaliacha wazi mezani.

Nikavichovya vidole vyote kumi kwenye wino, nikaviweka juu ya vile vya zamani, nikasugua mpaka navyo vikawa madoa meusi matupu.