Ini Lililopinduliwa

Rhobi hakumwamkia Profesa Clementi. Alivuta kiti, akaketi mbele yake kwenye mkahawa wa hoteli pale Mwisenge, akamtazama akifyonza kichwa cha samaki aina ya sato, mchuzi ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko.



Kwa miaka mitatu binti huyu wa wakulima wa pamba wa Bunda, fundi wa maabara mjini Musoma, alikuwa akitafuta nafasi ya kusoma uzamivu katika upigaji picha wa kisayansi. Aliandika barua arobaini na tatu. Mbili zilikwenda kwa Profesa huyu, na mara zote mbili alijibiwa kwamba picha zake za hadubini hazina ubora.

Basi wiki iliyopita aliamua kuzichunguza picha za Profesa mwenyewe, ajue huo ubora ukoje. Alifungua makala iliyompa mzee jina kubwa. Picha zilikuwa mbili: ini la panya asiyewahi kuugua, na ini la panya aliyeugua kichocho akapona kwa dawa ya Profesa.

Rhobi aliigeuza ile ya pili juu chini. Lilikuwa ini lilelile. Hata mkwaruzo wa kioo ulikuwa palepale.

Alitoka nje ya maabara, akatema mate. Dawa hiyo ilikuwa imeshapangiwa majaribio kwa watoto wa vijiji vya ziwani.

"Usinyamaze," Lilian, mwenzake wa kazi, alimwambia Rhobi. "Tukinyamaza ndo watu kama hao wanakuwaga maprofesa."

"Sinyamazi," Rhobi alijibu. "Nitamfuata nimwambie usoni."

Na sasa alikuwa naye uso kwa uso. Aliilaza makala mezani, picha zile mbili zimezungushiwa wino mwekundu.

"Hilo ini halijawahi kuugua, Profesa."

Mzee aliacha kutafuna. Alitazama picha, akatazama mlangoni.

"Wanafunzi wangu walichanganya mafaili."

"Wanafunzi gani? Makala ina jina lako peke yako."

Profesa aliisukuma makala irudi upande wa Rhobi.

"Kuna watoto watakunywa hiyo dawa," Rhobi akasema. "Wengine nawajua kwa majina."

"Umeshawaandikia wahariri?"

"Bado."

Profesa aling'oa mwiba kwenye meno kwa kidole, akaupangusia kwenye kitambaa cha meza. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa laini kama mlenda.

"Sasa unataka nini, binti yangu?"

Rhobi aliisogeza pembeni ile sahani ya mifupa, akaweka karatasi ya pili. Ilikuwa fomu ya maombi ya uzamivu, imejazwa kila mahali isipokuwa pa sahihi ya msimamizi.